Picha ya Kifua cha Bibi

Juzi fundi alikuwa akitengeneza dari ya jasi katika chumba cha mjukuu wangu, nami nimeketi ukumbini nikichagua mchele. Upepo ukaniletea harufu ya ule unga mweupe uliotiwa maji na bado haujakauka. Mikono yangu ikasimama juu ya ungo. Sikuhuzunika. Kilichonijia ni hasira, hasira ya kale iliyorudi ikiwa nzima, na nyuma yake nikamwona Bibi yangu, mama yake baba, amesimama wima kama alivyokuwa akisimama alipokwisha kuamua jambo. Mjukuu akaniuliza nina nini. Nikamwambia nanusa mguu wangu. Akacheka, akidhani ni utani wa wazee.

Nyinyi mliozaliwa wakati wangu hamtacheka. Mnawakumbuka watoto wa enzi zile, waliokuwa wakicheza jana na leo wamelazwa kwenye mkeka uani, mgongo umepinda au mguu umekunjamana, na hakuna anayeuliza kwa sauti wana nini. Mimi nyonga yangu ya kushoto haikunjiki. Nikiketi, mguu unatangulia mbele kama mgeni asiye na adabu. Lakini mguu huo umenipeleka shamba, umenipeleka leba na kunirudisha na watoto hai, umenizungusha Al-Kaaba kwa hatua zake fupi, na wale waliosema sitaolewa walikula pilau ya harusi yangu. Nasema haya mapema ili asije mtu akanihurumia.

Tulikuwa tunakaa Gazi, nyumba ya makuti iliyokuwa karibu na mikoko hivi kwamba maji yakijaa sana kaa walikuwa wakiingia jikoni. Ndani tulikuwa watatu: Bibi, Mama na mimi. Baba alikuwa amekufa kwa kifua nikiwa bado natambaa, na kabla yake babu alikufa vivyo hivyo, amekonda, anakohoa, mpaka siku moja hakukohoa tena. Nyumba ya pili alikaa Ami Rashidi, mdogo wake baba, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wetu katika kila jambo.

Mimi nililala na Bibi, kitanda kimoja cha kamba. Alikuwa akiniita mke mwenzake, na akinigombeza kwa kumvuta shuka kana kwamba tumeolewa na mume mmoja. Uso wangu ulikuwa shingoni mwake usiku kucha, na pumzi yake ilinukia iliki na tambuu. Alitafuna tambuu tangu alfajiri. Kando ya kitanda palikuwa na kopo la kutemea, na mate yake yalikuwa mekundu sikuzote. Kwangu mimi mate ya watu wazima yalikuwa na rangi hiyo, kama nywele zao zilivyokuwa na mvi. Nilikuwa nangoja kukua nami niteme mekundu.

Goti langu lilianza kuuma siku ambazo meno yangu ya mbele yalikuwa yameng'oka. Lilikuwa linauma kidogo, linaacha, linarudi. Nikaanza kuchechemea. Bi Mize, jirani yetu, ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwambia Mama, "Mwanao anatembea kama bata." Aliletwa mkandaji, akanisugua kwa mafuta ya nazi ya moto na kunifunga majani. Goti likazidi. Kisha Ami akamleta mganga kutoka bara ya Kwale, akanichanja chale kuzunguka goti na kutia dawa nyeusi iliyoniwasha mpaka nikauma leso ya Mama. Alipomaliza alisema kuna mtu mzima ndani ya nyumba ile anayeushika mguu ule, wala hatauachia.

Hakutaja jina. Hakuhitaji kutaja. Bibi alikuwa amemzika mume, amemzika mwana, na yeye yumo tu, anasuka ukili wake na kutafuna tambuu. Maneno yale yalikuwa kijijini siku nyingi, yakitembea chini chini kutoka kisimani hadi mlangoni mwa Bi Mize, ambako yalikuwa yanaongezewa chumvi na kutumwa tena. Sasa yalikuwa yamepata mwenye kuyathibitisha.

Mimi nilielewa kwa akili yangu ya utoto. Usiku ule nilimwambia Bibi, "Niachie mguu, basi." Nilidhani anaushika usingizini bila kujua. Bibi alitoa mkono wake uliokuwa juu yangu, akauweka kifuani kwake, na tangu hapo hakunigusa tena tukilala.

Mama aliona. Mama yangu alikuwa mwanamke mdogo, mkimya, ambaye mbele ya Ami alikuwa akizungumza akitazama chini. Asubuhi alijifunga leso ya pili, akanibeba mgongoni, akaenda mlangoni kwa Ami.

"Shemeji, nampeleka mtoto Mombasa. Wanasema huko kuna mtambo wa kupiga picha za ndani ya mwili."

"Za ndani ya mwili za nini?"

"Nione kilichomo gotini."

Ami alikuwa anapiga mswaki kwa kijiti. Akakitoa kinywani. "Shemeji, ukitoka na mtoto huyu kwenda kutafuta aliyemshika mguu, utakuwa umekubali mbele ya watu kwamba kuna aliyemshika. Na unajua watamtaja nani. Ni mama yangu yule."

"Ni mama yangu mimi pia. Ndiyo sababu naenda."

"Nimekataa."

"Nimekusikia," Mama alisema. Akageuka, akaenda barabarani kungoja gari la Likoni, nami mgongoni mwake. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona Mama akitembea bila kutazama chini, na nilitamani aendelee kutembea hivyo hata tukiikosa Mombasa.

Hospitali ilikuwa kubwa na nyeupe, ukutani pana picha ya Malkia, kijana bado, amevaa mkufu. Tuliketi kwenye mabenchi ya upande wetu, maana enzi hizo hata ugonjwa ulikuwa na mlango wa kila rangi. Karani alimwambia Mama arudi wiki nyingine, aje na baba wa mtoto. Mama akasema baba wa mtoto yuko kaburini, na kama wanamtaka watamngoja sana, kwa hiyo yeye atakaa hapa. Akakaa. Kila karani alipopita, Mama alimwamkia kwa heshima zote na kubaki pale pale. Jua lilipoanza kupinda tukaitwa.

Chumba cha picha kilikuwa na giza la baridi. Mpiga picha alikuwa Mhindi mnene aliyevaa aproni nzito kama ngozi ya ng'ombe, na sauti yake ilikuwa ya upole. Alinilaza juu ya meza iliyonichoma kwa ubaridi, akaweka bamba jeusi chini ya goti, akanionyesha kwa kidole jicho la mtambo lililoning'inia juu yangu. "Usitikisike, mtoto. Kama jiwe." Kisha akaniacha peke yangu, akajificha nyuma ya ukuta. Mtambo ukanguruma, ukakoma. Sikuona kitu kikitoka wala kuingia.

Tulikaa nje mpaka alipotoka na karatasi ngumu, nyeusi, inayodondosha maji, inayonuka siki. Daktari, Mzungu mrefu mwenye miwani, aliibandika juu ya kisanduku chenye taa. Nikauona mfupa wangu. Ulikuwa mweupe, msafi kabisa. Daktari akatazama, akaguna, akasema goti halina kitu. Mama akashusha mabega. Nakumbuka woga ulionishika: kama goti halina kitu, basi ni mkono wa Bibi kweli, maana mkono wa mtu hautaonekana kwenye picha ya mfupa.

Lakini daktari hakutuaga. Aliniambia nisimame, nitembee, nisimame kwa mguu mmoja. Akanilaza chali, akaunyanyua mguu polepole, akaugeuza, na nilipopiga kelele hakuwa ameligusa goti. Alikuwa ameshika paja. Akasema maneno kwa Kiingereza na muuguzi wa Kirabai aliyesimama karibu, tuliyekuja kumwita Sista Yunisi, akatufasiria. "Maumivu haya yanaanzia juu, kwenye nyonga, yanashuka kwa mshipa mpaka gotini. Goti linalia tu, anayepigwa ni mwenzake."

Wakanirudisha kwenye meza ya baridi. Picha ya pili ilipobandikwa, hata Mama aliona. Upande wa kulia kichwa cha paja kilikuwa mviringo, kimeingia katika kikombe chake vizuri. Upande wa kushoto kikombe kilikuwa kimelika kingo, na kichwa kimekwaruzwa kama embe lililogugunwa na popo.

"Kuna mdudu anakula hapa," Sista Yunisi alisema. "Ni mdudu yule yule wa kifua kikuu. Wakati mwingine anatoka kifuani anaenda kukaa kwenye mfupa."

Mama akanitazama mimi, akatazama picha. "Kwa hiyo hakuna mtu aliyemshika mguu."

"Mtu gani?"

Mama alikaa chini sakafuni, akalia kidogo, kisha akajipangusa na kuuliza dawa.

Mimi nilikuwa sina haja ya dawa. Niliamini mambo yamekwisha. Walikuwa wamesema kuna mdudu nyongani, na sasa nilikuwa namwona mwenyewe, na alama zake za meno, yuko juu ya karatasi ndani ya kisanduku cha taa. Mtambo ulikuwa mtego: umenguruma, umemvuta, umemnasa pale. Kwa hiyo walipokuja na ndoo ya maji na bendeji zenye unga mweupe, wakaanza kunizungushia kuanzia mbavuni hadi kwenye vidole vya mguu, nilipigana nao kwa mikono na kwa meno yaliyobaki. Nikawaambia, "Mdudu si mmemtoa? Si huyo hapo?" Hakuna aliyeelewa nasema nini. Plasta ilikuwa na joto la ajabu ilipokuwa ikikauka, na harufu yake ikaniingia hata kichwani. Ilipokuwa ngumu nilikuwa gogo lenye kichwa na mikono miwili.

Niliishi ndani ya gogo lile miezi mingi. Kila siku sindano, kila siku dawa chungu za unga na vidonge. Mama alipewa kazi ya kufua shuka za wadi ili apate kukaa karibu. Sisimizi walikuwa wakiingia ndani ya plasta kufuata makombo, nami nikiwakuna kwa mpini wa mwiko. Sikuwa mtoto mpole. Niliwazomea madaktari, nilitupa uji. Sista Yunisi alimwambia Mama kwamba watoto wakali ndio wanaopona, na nikashika neno hilo nikalifanyia kazi.

Siku za mwanzo daktari alikuwa amemuuliza Mama swali moja, na Mama akalijibu kwa uongo. Aliuliza nani nyumbani anakohoa. Mama alisema hakuna. Aliuliza tena wiki iliyofuata, Mama akasema hakuna. Daktari akampiga picha Mama mwenyewe. Mapafu yake yalikuwa meusi pande zote, na Sista Yunisi akatueleza kwamba kwenye picha weusi ndio uzima, ni hewa iliyojaa. "Basi kama si wewe," alisema, "kuna mwingine. Mtoto hakumwokota mdudu huyu baharini."

Nilikuwa nasikiliza. "Bibi anakohoa," nilisema. "Anakohoa akiwa amejiziba leso."

Mama aliniangalia kwa namna ambayo sijaisahau. Nilidhani amekasirika. Leo najua alikuwa anaona kijiji kizima kikisimama mlangoni kwetu: mganga alisema mtu mzima, sasa na Wazungu wanasema mtu mzima, na ni yule yule.

Alikwenda Gazi, akarudi peke yake. Bibi alikuwa amekataa. Alisema hajawahi kupigwa picha akiwa na uso wake, hatapigwa isiyo na uso. Ami naye alisema mama yake hatoki kwenda kuandikiwa uchawi kwa mashine.

Hapo ndipo nilipogoma. Ilikuwa siku ya kupasua plasta na kupiga picha mpya kuona nyonga imefikia wapi. Wakanikata gogo langu kwa mkasi mkubwa, wakanilaza kwenye meza ya baridi, na yule Mhindi akasema, "Kama jiwe." Nikatikisika. Picha ikatoka ukungu mtupu. Akarudia. Nikatikisika tena, makusudi, nikimtazama.

"Mtoto, hizi zinaharibika," alisema kwa huzuni.

"Silali. Mpaka Bibi aje kwanza."

Mama alinifinya, akanibembeleza, akanitisha. Sikusema zaidi, kwa sababu nilikuwa na sababu ambayo niliiona wazi hata sikujua kwamba watu wazima hawaioni. Bibi ana mdudu kifuani. Mtambo unanasa wadudu. Yeye ndiye mwenye mdudu mkubwa, aliyewala babu na baba, na mimi nina mtoto wake tu. Kwa nini aanze kunaswa mdogo?

Walinirudisha wadini. Siku zilizofuata nilikataa tena. Daktari alikuwa amekwisha kusema nifungwe mikanda, lakini Sista Yunisi akamwomba angoje, akampa Mama nauli kutoka mfukoni mwake. Mama akaenda Gazi mara ya pili, na safari hii, alivyonihadithia baadaye, hakumbembeleza mtu. Alimwambia Bibi mbele ya Ami, "Mama, mke mwenzako amegoma. Amesema halali kwenye meza mpaka wewe ulale. Mguu wake unangoja. Mimi nimemaliza maneno."

Bibi aliweka chini ukili. "Amesema hivyo?"

"Amesema hivyo mbele ya Mzungu."

Wakaja wote watatu. Nilimwona Bibi akiingia wadini katika buibui lake lililopauka, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, mashavu yameingia ndani. Ami alikuwa nyuma yake, amevaa kanzu ya Ijumaa kama anayekwenda barazani kushitakiwa. Nikasema, "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Ndiyo wewe unayetaka nivuliwe nguo na wanaume?"

"Hawakuvui. Wanamtoa mdudu."

Sista Yunisi alimshughulikia mwenyewe. Alimfunga leso kifuani, akamsimamisha mbele ya bamba, mabega mbele, kidevu juu. Mimi nilikuwa kwenye kitanda cha magurudumu, mlangoni. Mhindi akasema kutoka nyuma ya ukuta, "Vuta pumzi. Shika. Usipumue." Bibi akavuta pumzi, na kikohozi kikamkamata, kile alichokuwa akikiziba kwa leso miaka yote. Kikamkunja mpaka akashika ukuta. Alipoinua uso, mdomo wake ulikuwa mwekundu, na hakuwa na tambuu kinywani. Ami aliuona wekundu ule.

"Tena," Bibi alimwambia Mhindi. Akavuta pumzi. Akaishika, mishipa ya shingo imemtoka, mpaka mtambo ukanyamaza.

Walipoibandika picha mbele ya taa, sikuona mdudu. Niliona mbavu za Bibi, nyembamba, zimepangwa kama makuti, na ndani yake palipotakiwa kuwa peusi palikuwa na mawingu meupe. Juu, chini ya mfupa wa mtulinga, palikuwa na tundu lenye ukingo, kubwa kama yai la kuku.

"Hapa pana shimo," daktari alisema kwa Kiswahili chake kibovu.

Ami akasogea. "Nani amelitoboa?"

"Mdudu."

"Wa kutumwa?"

Daktari hakuelewa. Sista Yunisi ndiye aliyejibu, taratibu, akimtazama Ami machoni. "Wa kuambukizwa, bwana. Shimo hili ni la siku nyingi. Pengine alimpata kwa mume wake alipokuwa akimuuguza. Mama yako ameliwa miaka yote hii na amenyamaza. Kama ni mchawi, ni mchawi gani anayejila mwenyewe kwanza?"

Ami akafanya jambo ambalo sikulitegemea kwa msemaji wetu: akavua kofia, akamwambia Mhindi, "Na mimi nipige." Picha yake ilikuwa safi. Aliishika mkononi kama mtu aliyepewa mtoto mchanga asijue pa kumshikia.

Bibi alikuwa ameketi kwenye benchi. Hakutazama picha. Alimtazama Mama. "Nimekulia mwanao," alisema. "Nimemlaza shingoni mwangu kila siku, namlisha ugonjwa."

"Hukumla," Mama akasema. "Mlikuwa mnaliwa pamoja. Sasa mtapona pamoja."

Mimi nikalazwa kwenye meza. Nikawa jiwe. Picha ikatoka safi, ukingo wa kikombe umeanza kutulia, na kila mtu akafurahi isipokuwa mimi. Nilikuwa nimeelewa kwamba mtambo haunasi kitu. Unatazama tu. Nilijiona nimetapeliwa, na nilimwambia Mhindi hivyo. Akasema, "Kutazama ni kazi pia, mtoto." Haikunitosha.

Bibi alilazwa wadi ya peke yake, yenye baraza pana na upepo. Alipigwa sindano mpaka akasema matako yake yamekuwa chujio la tui. Alinenepa. Kikohozi kikapungua, kikaisha. Lakini masikio yakaanza kumvuma, kisha sauti zikawa zinamjia kutoka mbali, na siku moja nilimwita kutoka kitandani kwangu kwa nguvu zangu zote, asigeuke. Ilikuwa ni ile dawa. Waliitoa pumzi yake shimoni na wakachukua masikio. Alipoelezwa kwa ishara, alisema, "Sawa. Niliyosikia Gazi yananitosha."

Tulirudi wote siku moja, mimi na fimbo na kiatu chenye soli nene, Bibi na bahasha kubwa ya kaki yenye picha zake mbili, ya mwanzo na ya mwisho, za kupeleka hospitali ya Msambweni ambako angeendelea kutazamwa. Hakuna aliyekuja kutupokea. Mama alipika kahawa, na wachache waliofika walishika vikombe bila kunywa. Watoto niliocheza nao waliitwa majumbani mwao. Maneno yalikuwa yametutangulia: mjukuu kalemazwa, na hospitali yenyewe imesema ni bibi. Bi Mize alikuwa na mwana wa kiume, Hamisi, aliyeanza kukohoa tukiwa Mombasa. Nalo hilo likawekwa juu ya Bibi, ingawa hakuwepo.

Bibi hakusikia hata neno moja. Lakini alikuwa na macho. Aliviona vikombe vilivyojaa vikirudishwa jikoni.

Siku ya Ijumaa, wanaume walipokuwa wakitoka msikitini na wanawake wako vibarazani mwao, Bibi alitoka na bahasha yake. Akasimama katikati ya njia, mahali ambapo hakuna ambaye angepita bila kumgusa. Ami alimfuata mbio. Nilidhani anakwenda kumrudisha ndani. Alisimama ubavuni mwake. Bibi akatoa picha ya kwanza, akaiinua juu dhidi ya jua, na mbavu zake zikaonekana na watu wote.

"Huyu ni mimi," alisema. Alikuwa akizungumza kwa sauti kubwa, kama viziwi wazungumzavyo, na ilifika mpaka mikokoni. "Hiki ni kifua changu. Mmesema miaka mingi kwamba humu ndani nimeficha kitu. Njooni mkitazame. Nimevuliwa mpaka nyama, kilichobaki ni hiki."

Hakuna aliyesogea. Kisha mmoja wa wauza kahawa akasogea, akainama. "Na hili hapa ni nini?"

"Ni shimo," Ami alijibu. "Ni ugonjwa uliomuua kaka yangu na baba yangu. Ulikuwa unamla na yeye." Akainua picha ya pili kando ya ile ya kwanza. "Na hapa amekwisha kutibiwa. Tazama, limejifunga. Weusi ndio uzima." Akaendelea kuwaeleza, mmoja baada ya mwingine, kwa kidole, mtulinga huu, mbavu hizi, pafu hili, mtu ambaye mwaka mmoja nyuma alikataa nisipelekwe. Wanaume wakajazana. Mimi nilikuwa nimesimama mbele na fimbo yangu, kidevu juu, nikiwatazama watoto walioitwa majumbani.

Ndipo Bi Mize akaja. Alipita pembeni ya watu, leso ameishusha usoni, akamkaribia Bibi na kumsemesha sikioni.

"Sikusikii," Bibi akasema.

Bi Mize akatazama nyuma, akarudia.

"Nimekuwa kiziwi, Mize. Sema kwa nguvu."

Mwanamke yule ambaye maneno yake yote yalikuwa ya kunong'ona alisimama katikati ya njia ya Gazi, mchana wa Ijumaa, akapaza sauti mpaka ikakatika.

"Nauliza, picha hizo wanapiga siku gani?"

Bibi alimsoma midomo mpaka akahakikisha ameelewa. Kisha akaanza kuzirudisha picha zake ndani ya bahasha, moja baada ya nyingine, bila haraka.

"Jumatatu," akasema. "Mwamshe Hamisi mapema. Nitakwenda naye mimi."